Sekunde Tatu za Kija

Mpanda ya miaka ile ilikuwa na ubishi wa aina mbili uliomfanya mtu aache chai ipoe. Wa kwanza ni treni ya Kaliua: itaingia leo, au ndiyo mpaka kesho? Wa pili ni Kija wa Majengo: anasubiri nini? Habari za treni hazina mwisho, tuziache huko huko stesheni. Za Kija ndizo zilizomponza Esteria, muuza dagaa, mwanamke mwenye akili zake timamu, aliyejitegea mtego mwenyewe mchana kweupe huku akijiona mjanja kuliko mji mzima.

Kija alikuwa mfungaji wa netiboli wa timu ya Majengo. Binti wa Kisukuma, mrefu, mchana anacheza mpira na asubuhi anapitisha maziwa mitaani. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wakitokea pande za Kahama. Sasa, mfungaji yeyote tuliyemzoea, akipata mpira karibu na pete anautupa. Ndiyo kazi aliyowekewa pale. Kija hakuwa hivyo. Sheria ya netiboli inampa mwenye mpira sekunde tatu, na Kija alizila zote, kama mtu anayekomba bakuli. Anauinua mpira juu ya kichwa, anamtazama mlinzi aliyesimama mbele yake, anatulia. Mlinzi akiruka kuzuia, mpira bado uko mkononi. Mlinzi akianza kushuka, ndipo mpira unapoondoka, na mara nyingi ulipita katikati ya pete bila hata kuigusa.

Na mlinzi asiporuka? Hapo ndipo watu walipokuwa wakikosana. Kija hatupi. Anaurudisha mpira kwa mwenzake, anasogea kidogo, anaunyooshea mikono tena. Yuko chini ya pete kabisa, uwanja mzima unampigia kelele, "Tupa! Tupa wewe mtoto!" na yeye huyo, anaurudisha.

Mlinzi wa timu ya Shanwe, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya Kija kila timu hizo zilipokutana, alikuwa Esteria.

Ubishi wenyewe makao yake makuu yalikuwa barazani kwa Ubaldo, fundi cherehani pale sokoni. Ubaldo ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mechi karibu zote za netiboli wilayani, kwa sababu alikuwa na filimbi yake mwenyewe na hakuwa na mke katika timu yoyote. Esteria aliuza dagaa na samaki wa migebuka mbele ya baraza hiyo. Pembeni yake aliuza nyanya Monika, nahodha wa Shanwe, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa ikitangulia kufika sokoni kabla ya beseni lake.

"Mfungaji analishwa ili afunge," Monika alikuwa akisema. "Wewe nikupe ugali, uutazame, halafu uurudishe jikoni. Si nitajua unaumwa?"

"Ugali ukiwa mbichi nitaurudisha," Ubaldo alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Yule mtoto kakulia kwenye ng'ombe. Ng'ombe ukimkurupusha anabana maziwa. Kija hakurupuki."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Na haraka haraka je?"

"Weee, usinichanganyie methali. Ningekuwa kocha wake ningeshamweka benchi akauze maziwa yake."

Wapita njia walikuwa wakisimama na kuchukua upande. Wengine walisema Kija ana woga, anaogopa kukosa mbele ya watu. Wengine walisema ana maringo. Bwana mmoja wa stesheni alisema anawanyima wenzake raha, maana nyota wa timu hawi mtu wa kupisha. Ubaldo aliwasikiliza wote, akakata uzi kwa meno, akawaambia wahesabu mipira aliyokosa Kija tangu mwaka uanze, kama wataipata.

Esteria hakuwa akisema sana. Yeye ndiye aliyekuwa anasimama pale, hatua moja mbele ya yule binti, na alijua jambo ambalo baraza zima halikulijua. Siku moja alichoka nao akasema, "Nyie mnabishana bure. Yule hasubiri mpira, wala hasubiri pete. Ananisubiri mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kija alikuwa akisubiri Esteria aruke, na Esteria alikuwa akiruka. Kila mara. Alijiapiza asubuhi akiosha uso, alijiapiza akivaa raba, alijiapiza njia nzima ya kwenda uwanjani: leo siruki. Mpira ukiinuliwa juu ya kichwa cha Kija, miguu ilimtoka yenyewe. Akishuka, mpira ndio unapita.

Kibaya zaidi, au kizuri zaidi, tutaona, ni kwamba walikuwa wakipendana. Kila mechi ikiisha, kesho yake Kija alipita sokoni na ndoo ya maziwa, akasimama mbele ya beseni la dagaa na kutikisa kichwa kwa huzuni ya uongo. "Mama Kalisti, pole. Jana ulipokuwa kule juu, uliiona Kaliua?" Kalisti ndiye mwanawe mkubwa Esteria, na wengi walimwita hivyo. Esteria alimrushia dagaa mmoja usoni. "Toka hapa, mtoto wa ng'ombe! Ipo siku utausubiri mpira mpaka uote mizizi." Wakacheka wote wawili, dagaa wakapimwa, na kipimo kikazidishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, na Esteria alikuwa akiingoja kuliko wateja.

Lakini mwaka ule wa tisini na sita magoti yake yalianza kusema. Akiinama kuteka maji yanalia, akisimama yanalia. Alimwambia Monika kwamba fainali ya Nane Nane ingekuwa mechi yake ya mwisho, baada ya hapo anawaachia wasichana. Kikombe cha Nane Nane kilikuwa kimelala Majengo mwaka hadi mwaka, na kila mwaka kilipita juu ya kichwa chake yeye. Alitaka kumzuia Kija mara moja. Mara moja tu, mbele za watu, kabla hajavua zile raba. Hakutaka kitu kingine duniani mwaka ule, na hilo alilisema waziwazi, hata padri alisikia.

Mama mwenye kutaka kitu namna hiyo ni wa kuogopwa.

Sasa, Esteria alikuwa na dada yake, Lucia, na Lucia alikuwa na mtoto wa kiume anayeitwa Lucas, fundi baiskeli pale Majengo. Lucas alikuwa amempenda Kija. Si siri, mji mzima ulijua baiskeli ya kubebea maziwa ilivyokuwa ikiharibika mara kwa mara bila sababu. Wazee wa pande zote mbili walishaongea chini chini na kukubaliana kwamba uchumba ungefungwa rasmi mvua zikianza, ndipo jembe lipelekwe kwa kina Kija. Jembe likipokelewa, binti amechumbiwa. Na mpeleka jembe aliyechaguliwa na ukoo alikuwa Esteria, mama mdogo wa kijana, kwa kuwa ana maneno.

Asubuhi moja Esteria alikuwa akipanga migebuka yake sokoni. Mama yake Kija alikuwa amesimama pale kwa Monika akichagua nyanya. Ghafla yule mama akaziacha nyanya, akajifunika kanga usoni, akajibanza nyuma ya magunia ya mpunga akiwa amegeuka ukutani. Esteria alidhani kaona nyoka. Kumbe aliyekuwa anapita ni mkwewe, mume wa binti yake mkubwa. Na yule kijana naye, alipomwona, aliruka mtaro akashika njia ya upande wa pili. Kwao kina Kija mkwe ni kitu kizito tangu jembe linapopokelewa, na mama mdogo ni mkwe sawa na mama. Mkwe humtazami machoni, husimami mkakabiliana kifua kwa kifua, huinui mikono juu ya kichwa chake. Unampisha njia mpaka siku utakapofunguliwa mwiko huo kwa zawadi, na siku hiyo huwa mbali, aghalabu baada ya mtoto wa kwanza.

Esteria alibaki na mgebuka mkononi. Alimtazama yule mama ukutani, akaitazama Nane Nane iliyokuwa inakaribia. Lo! Akili ikamjia nzima nzima.

Mchana ule ule alikuwa nyumbani kwa dada yake. "Jembe liende wiki hii," alisema kabla hajakaa.

"Wiki hii? Haraka ya nini?" Lucia aliuliza. "Mtoto mwenyewe hata kitanda hana."

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Binti mrefu vile, anazunguka mji mzima na maziwa, unadhani ni Lucas peke yake mwenye macho?"

Lucia alimtazama mdogo wake kwa muda. Alimjua tangu alipokuwa akijificha na sukari. Lakini Lucas, aliyekuwa anasikiliza dirishani na spana mkononi, aliingia akasema mama mdogo ana busara sana, na mama gani atashindana na hilo? Jembe likanunuliwa, likafungwa kitambaa, likapelekwa.

Siku ya jembe Kija alikuwa uani akisafisha vibuyu vya maziwa. Alipomwona Esteria anaingia na wazee, akafumbua mdomo, ikaonekana kabisa kuwa maneno ya Kaliua yako njiani. Halafu akaliona jembe. Wazee wakaingia ndani, wakaongea ya kuongea, jembe likapokelewa. Binti alipoitwa atoke, alitoka amefunika kichwa, macho chini, akapiga magoti kwa mbali, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo Esteria hakuwahi kuisikia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Esteria, na moyoni alikuwa anapiga vigelegele. Kikombe kimekuja Shanwe hicho.

Kesho yake alikaa sokoni akisubiri maziwa yapite. Hayakupita. Aliyaona kwa mbali, upande wa pili, ndoo kichwani na kanga imevutwa mpaka kwenye pua. Yakakata kona nyuma ya mashine ya kusaga yakapotea. Keshokutwa yake vilevile. Maziwa ya sokoni sasa yaliletwa na mdogo wake Kija, ambaye hakuwa na utani wowote. Ubaldo alimpongeza Esteria kwa kupata mkwe. Monika, ambaye si mjinga, alimtazama kwa jicho la pembeni, kisha akaanza kucheka mpaka nyanya zikamdondoka. "Mama Kalisti! Wewe ni shetani!"

Esteria alicheka naye. Lakini alichoka kupima dagaa bila ya kutukanwa. Hilo hakumwambia mtu.

Nane Nane ikafika, jua kali, vumbi la Agosti, uwanja umezungukwa na watu tangu asubuhi. Kulikuwa na maonyesho ya mahindi na tumbaku, lakini sijui kama kuna aliyeyaona. Majengo na Shanwe zilipotoka kupasha misuli, kelele za kwanza hazikumhusu Kija. Zilimhusu Esteria. Jamaa za Kija walikuwa wamejaa upande mmoja, kina mama wa heshima zao, nao walipomwona mama mkwe katoka na sketi ya marinda inayoishia juu ya magoti, wakaguna wote kwa pamoja. "Mbele ya mkwe wake! Mapaja nje!"

Hapo ndipo Esteria alipong'amua kwamba ukwe hukata kuwili. Alikuwa amepiga hesabu ya aibu ya Kija. Ya kwake aliisahau. Ilibidi aazime kanga kwa Lucia, aifunge juu ya sketi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ubaldo alikuja kumtazama, akakuna kichwa, akasema kanuni haitaji kanga popote, kwa hiyo acheze.

Filimbi ikalia. Mpira wa kwanza ukamfikia Kija akiwa pazuri, chini ya pete. Aligeuka, akamkuta Esteria mbele yake. Mikono iliyokuwa inapanda ikaishia kifuani. Macho yakaenda chini. Kija akampa mgongo mkwe wake, akaurudisha mpira kwa mwenzake, akasogea pembeni kumpisha.

Ikawa hivyo tena. Na tena. Esteria naye hakuweza kumsogelea. Alijizuia asimguse hata kwa ncha ya kanga, akawa anazunguka mbali naye kama kuku aliyefungwa kamba. Wachezaji wawili bora wa Mpanda walikuwa wanapishana pale chini ya pete kama watu waliokutana mlangoni kwa mganga. Majengo wakabaki wanamtegemea Dorika, mfungaji wao wa pili, ambaye alipata moja akakosa mbili. Shanwe walikwenda mbele.

Nje ya uwanja ubishi wa mwaka mzima ukawaka moto. "Mmeona? Mmeona subira yenu hiyo? Leo hata pete haitazami!" Mwingine akasema, "Nyamazeni, nyie. Yule ni mkwe wake. Shanwe wamemwekea mkwe golini!" Neno hilo likauzunguka uwanja kwa kasi. Watu wakaanza kucheka, halafu wengine wakaacha kucheka, na jamaa za Kija hawakucheka kabisa.

Esteria aliwasikia. Alimwangalia yule binti, kwa ubavu, maana kumtazama usoni haifai. Kija alijifuta uso kwa bega, na halikuwa jasho. Watu wa Majengo walikuwa wakimtukana, watu wake mwenyewe, yeye kichwa chini, akiwaheshimu waliomtega. Esteria aliona haya. Tena haya si ya kanga wala mapaja, alijiona mwizi.

Mapumziko ya mwisho, kabla ya robo ya nne, Shanwe walikuwa mbele kwa magoli ya kutosha mtu kulala usingizi. Wenzake wakamletea maji, hakunywa. Alivuka uwanja akaenda moja kwa moja walipokaa jamaa za Kija, akasimama kwa adabu mbali kidogo na mama yake binti.

"Mama mwenzangu," alisema, "naomba nimfungue mwanao."

Kina mama wakaguna. Mama yake Kija alimtazama kwa utulivu ule ule wa bintiye. "Kufungua ni baada ya mtoto. Unajua."

"Najua. Niliharakisha jembe, nalo najua. Sasa anatukanwa kwa ajili yangu. Naomba iwe ya uwanjani tu."

Ubaldo alikuwa ameshika filimbi, anatazama saa, anatazama huku. Mwisho yule mama akasema, "Ndani ya mistari. Ukitoka nje ya mistari, yeye ni mkwe wako na wewe ni mkwe wake, na mambo yabaki yalivyo."

Esteria akafungua kanga kiunoni mbele ya umati wote. Wacha waseme. Alirudi uwanjani na magoti yake mazee yakiwa nje, akamwendea Kija, akamtandika ile kanga mabegani. "Nimekufungua," alisema. "Niangalie."

Kija aliitazama kanga, akageuka kumtazama mama yake nje ya mstari, akaona kichwa kinakubali. Ndipo akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya jembe, na Esteria alifurahi mpaka akataka kulia. Kija aliikunja kanga polepole, akampa mtu wa benchi, akarudi mahali pake.

"Mama Kalisti," alisema kwa sauti yake ya zamani, "hilo goti si ndilo lile lile?"

"Cheza mpira, mtoto wa ng'ombe!"

Monika alikuwa amesikia yote. "Umerogwa wewe?" alifoka kutoka katikati ya uwanja. "Kikombe kiko mkononi, unakitapika?" Esteria alikwenda kusimama mahali pake, na Monika hakumsemesha tena mpaka mwisho.

Robo ya nne sitaieleza yote, maana wa Majengo wanaieleza mpaka leo na wanaongeza chumvi. Kija aliinua mpira, akasubiri, Esteria akaruka, goli. Kija akasubiri, Esteria akajing'ang'aniza chini, mpira ukarudishwa, ukaja tena, Esteria akaruka, goli. Alikuwa anafungwa na alikuwa na raha kama msichana. Magoli ya Shanwe yaliyokuwa ya kulalia usingizi yakapukutika hadi likabaki moja la tofauti. Watu walikuwa wameingia mpaka kwenye mistari. Ubaldo akaonyesha kwa mkono kwamba muda umekwisha kabisa, ni mpira huu tu.

Mpira huo ukamfikia Kija, pazuri. Akauinua. Esteria akasimama mbele yake, hatua moja, mikono juu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake miguu yake ilimsikiliza. Haikutoka. Aliyasikia magoti yakitaka kwenda, akayakatalia. Kija alimtazama. Esteria alimtazama. Ubaldo alikuwa akihesabu kama kawaida yake, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja. Sasa ataurudisha, Esteria alifikiri. Kija hakuurudisha. Sasa atatupa. Kija hakutupa. Alikuwa amesimama na mpira juu, ametulia kabisa, macho yake yako machoni mwa Esteria.

Filimbi ikalia. Sekunde tatu zimepita. Mpira ni wa Shanwe.

Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Kija kuzidisha sekunde! Hata Ubaldo mwenyewe aliitazama filimbi kana kwamba imemsaliti. Kisha Monika akauchukua mpira, akaurusha mbali huko, na mechi ikaisha. Shanwe wakaingia uwanjani kwa vigelegele, wakambeba Esteria juu juu, wakamtoa nje ya uwanja wakimwimba jina. Naye aliimba! Alipunga mikono, alipiga kelele, kikombe kikaja akakibusu. Kamzuia Kija. Mbele za watu, kabla ya kuvua raba.

Ilikuwa akiwa huko huko mabegani kwa watu ndipo alipokumbuka yale macho. Kija hakuwahi kuzidisha, hata mara moja. Zile sekunde tatu alizijua kama njia ya kwao. Na pale mwisho hakuwa na sura ya mtu aliyebanwa. Alikuwa na sura ya mtu anayempisha mwenzake njiani.

"Nishusheni," alisema. "Nishusheni, nyie!"

Akamkuta Kija nje ya mstari, pamoja na mama yake, ameshajitanda ile kanga aliyopewa. Kija alipomwona anakuja alijifunika mpaka kwenye macho, akapiga magoti kwa mbali.

"Hongera, mama."

"Kija. Niambie kweli. Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilikuwa nasubiri, mama."

"Unasubiri nini?"

"Uruke."

Esteria alisubiri kicheko kifuate. Hakikufuata. Sauti ilikuwa ndogo na laini, ya adabu tupu, na chini ya kanga hapakuonekana kitu. Kama binti alikuwa anasema kweli, basi Esteria amemshinda mchezaji bora wa wilaya kwa silaha yake mwenyewe. Kama hakuwa anasema kweli, amepewa kikombe na mkwe wake, kama anavyopewa maji ya kunawa.

"Njoo," alisema. "Njoo tuingie ndani ya mistari, uniambie huko. Nitukane kidogo. Tafadhali."

Mama yake Kija aligeuza uso pembeni. Kija alitulia palepale alipopiga magoti.

"Mchezo umekwisha, mama," alisema.

Barazani kwa Ubaldo wanabishana mpaka leo. Monika anasema Kija alizidiwa, na subira yake ndiyo iliyomla. Ubaldo anasema alimpisha mkwe wake, na kwamba huyo ndiye nyota. Wakichoka, wanamgeukia Esteria pale kwenye dagaa zake, wanamwambia, wewe ndiwe uliyekuwepo, amua. Esteria anaendelea kupima dagaa. Kuna mtu mmoja tu anayejua kama alishinda kweli, na mtu huyo ni mkwe wake, na mkwe habishani na mama mkwe.